Kutoka Shingoni Kwenda Chini

Siku mliponiaga kwa keki na soda pale ghorofa ya nne, mmoja wenu aliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya kamera kabla sijasahau. Sijasahau. Namshukuru Mungu kwa macho ambayo bado yanaona mbali, kwa mabega yaliyobeba kamera miaka thelathini na mitatu, na kwa ninyi mlioninunulia blanketi, ingawa sijui ni nani aliyewaambia kwamba mstaafu huona baridi. Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Nitaandika kuhusu namna tulivyokuwa tukipiga picha za watu wanene, kwa sababu mlinikuta nikifanya hivyo, mkajifunza kwangu, na nisipolisema mimi mtaendelea kudhani ni adabu.

Nilianza kazi chini ya Mzee Gathogo. Kamera ya siku zile ilikuwa nzito kama mtoto wa miaka minne, na betri yake tuliivaa kiunoni kama mkanda wa askari. Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kuigusa. Alinipa tripodi, akanipeleka Mtaa wa Tom Mboya na kuniambia niisimamishe kando ya barabara bila kumkwaza mpita njia hata mmoja. Nilishindwa mara sita. Mwanamke mmoja alinitukana kwa lugha tatu. Saa sita Mzee Gathogo akaninunulia chai na mandazi, akasema mpita njia ndiye mwenye barabara, sisi tumeazima tu.

Alikuwa mtu mwema, na sitaki mtu asome haya akamdharau. Alinifundisha kusafisha lenzi kwa kitambaa cha pamba, kuhesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kuzima, na kuandika jina la kanda kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa baada ya kula mtu husahau. Akanifundisha pia sheria ya shingo. Ukimpiga mtu uso, mwombe ruhusa. Ukimkata shingoni, huna haja ya kumwomba. Ukitumwa kwa ombaomba, piga mikono. Ukitumwa kwa watoto waliokamatwa, piga viatu. Kwa njia hiyo, alisema, mtu haaibiki, maana hakuna atakayejua ni nani.

Mimi nililelewa Vihiga, katika nyumba ya mhubiri, nikafunzwa tangu utotoni kwamba kumsitiri mwenzako ni ibada. Kwa hiyo niliipokea sheria ile kama jambo la dini. Nilimsitiri kila niliyemkata.

Kisha kulikuwa na matumbo. Kila baada ya miezi michache chumba cha habari kilipata taarifa ya kisukari au ya presha, na mhariri wa zamu angechungulia mlangoni na kusema, “Laban, nenda Ngara uniletee matumbo.” Hakusema watu. Alisema matumbo, kama mtu anayeagiza buchani.

Tulijua pa kusimama. Ngara ina maduka ya jumla na watu wanaopita wakiwa na shughuli zao, na mtu mwenye shughuli hatazami ng'ambo ya barabara. Ukiweka lenzi ndefu upande wa pili, unaweza kukaa nusu saa bila kuonekana. Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu. Ulianza usoni, kwa kuwa macho na kope ndiyo mahali rahisi pa kupimia kama picha imetulia na iko wazi. Ukishapima, ulishusha kamera polepole hadi kiunoni, ukamfuata mtu akitembea, ukahesabu kumi. Uso tuliutumia kama fundi anavyotumia timazi: akishapata mstari, anaikunja na kuitia mfukoni.

Asubuhi moja, mwaka wetu wa mwisho wa kutumia kanda, nilimpata mwanamke mwenye gauni la kijani lenye maua makubwa meupe. Nikapima usoni, nikashuka, nikamfuata, nikahesabu kumi. Mzee Gathogo, aliyekuwa amebakiza wiki chache astaafu, aliitazama ofisini na kunisifu kwamba mkono wangu hautikisiki. Nikaandika ubavuni mwa kanda kwa kalamu nene: WANENE, NGARA. Kisha nikaenda kula.

Kanda hiyo ilifanya kazi kuliko mfanyakazi yeyote wa kituo chetu. Ilipohamishiwa kwenye seva, jina lake lilihama nayo. Ilitumika kwa kisukari, ikatumika kwa bei ya mafuta ya kupikia, ikatumika kwa habari ya watu wasiofanya mazoezi. Baadaye ikaanza kutumika kwa siasa. Wawakilishi wa wadi wamejiongezea marupurupu: weka wanene wa Ngara. Kaunti fulani imepoteza fedha za dawa: weka wanene wa Ngara. Msomaji wa habari angesema “walafi” na papo hapo kiuno chenye maua meupe kingepita kwenye skrini, bila kichwa, kikiyumba.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na niwieni radhi, maana mzee wa kanisa hushauriwa asiwe na hasira. Nimepiga picha mahakamani miaka mingi. Nimewaona watu wakishtakiwa kwa kula mali ya umma, na wengi wao walikuwa wembamba kama ninyi. Mmoja, mwenye jumba Spring Valley, alikuwa amekonda hata suti yake ilionekana kama imetundikwa kwenye msumari. Hakuna mtangazaji aliyesema kwamba wembamba wake ulikuwa dalili ya tamaa. Hakuna mhariri aliyenituma mjini nimletee mbavu. Lakini mnene anapogombea kiti, hata kabla hajafungua mdomo, tumeshamhukumu. Watangazaji wa asubuhi, ambao Jumapili nawaona wakiimba na mikono juu, huuliza redioni kama kiti cha kaunti kitamhimili. Watu hupiga simu wakicheka. Na mimi, nikiwa kwenye gari la kazi nikielekea kupiga picha, nilicheka pia. Siwezi kuliruka hilo.

Sasa nimtaje mtu. Rispa Nekesa ni mshonaji wa sare za shule. Kibanda chake kiko chini ya kanisa letu, upande wa Muthangari ambako nyua za watu wenye magari zinaishia na nyumba zetu za kupanga zinaanza. Alijiunga na kanisa letu miaka saba iliyopita. Ni mwanamke mnene, mrefu, mwenye sauti inayosikika bila kipaza sauti, na ndiye aliyewaongoza akina mama kudai wodi ya kujifungulia katika zahanati ya mtaa ifunguliwe. Wodi hiyo ilijengwa, ikapakwa rangi, ikafungwa kufuli kwa miaka miwili, huku wanawake wakijifungulia kwenye korido. Mahakama ilipobatilisha ushindi wa mwakilishi wetu na uchaguzi mdogo kuitishwa, akina mama wakamwambia Rispa asimame. Akasimama.

Majina yakaanza wiki ileile. Wakamwita Trela. Vijana wa mpinzani wake walikuwa wakipita mbele ya kibanda wakipiga mlio wa lori linalorudi nyuma. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, “Huyo akiingia county, budget imeisha kwa lunch.” Rispa aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akamwita kwa jina la mama yake, akamuuliza kama ile suruali aliyomrefushia bado inamtosha. Kijana akaondoka. Nilidhani ataweza yote.

Jumapili moja baada ya ibada alinifuata nje. Alikuwa na simu mkononi. Mume wake alisimama hatua chache nyuma, akitazama chini.

“Mzee Laban,” akasema, “wewe ni mtu wa kamera. Niambie hii imetoka wapi.”

Ilikuwa picha inayotembea, imesambazwa kwenye makundi ya mtaa. Gauni la kijani, maua meupe, kiuno kinachoyumba polepole, hakuna kichwa. Juu yake sauti ya kijana ilikuwa inauliza: mkimpa huyu wadi, nyinyi mtabaki na nini?

“Vijana wamechukua mtu yeyote tu mnene kwa TV,” Rispa akasema. “Hawajui wamechukua nani. Hiyo nguo niliishona mimi, ya harusi ya dada yangu. Hayo maua niliyakata moja moja nikayapachika. Hakuna nyingine dunia nzima. Hiyo ni mimi.”

Mume wake akasema watoto wameonyeshwa shuleni, na kwamba yeye na wazee wa ukoo wanaona heri ajitoe. Rispa akasema hatajitoa kwa sababu ya kuchekwa, kuchekwa amekuzoea. Lakini picha hii ilimfanya ajione kama alivyokuwa akisemwa: mtu mzito anayejivuta mjini bila kazi. Akasema nikimletea ukweli wa picha ile kabla ya Jumamosi, atabaki. Nisipomletea, atakwenda kutia sahihi fomu ya kujitoa.

Nilikuwa nimeitambua kabla hajaniambia. Niliujua ukuta wa nyuma, niliijua grili ya duka la vitambaa, niliujua mkono wangu usiotikisika. Nikamwambia nitauliza kazini. Ndiyo maneno niliyosema mbele ya mlango wa nyumba ya Mungu: nitauliza.

Jumatatu nilishuka chumba cha chini, kwenye maktaba ya kanda. Wengi wenu hamjawahi kufika huko. Mtunzaji wake ni Bi. Mwanaisha, mama wa Lamu ambaye amekaa Nairobi miaka ishirini bila Kiswahili chake kuchafuka, na ambaye hakuwahi kutupa kanda hata alipoamriwa. Nilimweleza. Hakunilaumu. Alivuta ngazi, akapanda, akashuka na kanda yenye mwandiko wangu, akaitia kwenye mashine ya zamani iliyobaki moja tu.

Kwenye seva kulikuwa na vipande vilivyokatwa. Kwenye kanda kulikuwa na kila kitu. Tukaona ukuta, tukaona magari, kisha lenzi ikatafuta na kumpata mwanamke usoni ili ipime. Juu ya kichwa chake kulikuwa na roli tatu za kitambaa cha sare, ndefu kuliko yeye, zimefungwa kwa kamba ya katani. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu umezishika. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. Midomo ilikuwa ikitembea, kama mtu anayeimba peke yake. Kisha kamera ikaanza kushuka, ikaupita mzigo, ikaupita uso, ikaipita shingo, ikatulia kiunoni.

Bi. Mwanaisha akasimamisha mashine. “Kumbe yule bibi alikuwa kazini,” akasema.

Nilikaa kwenye ngazi. Miaka yote ile watu walipouliza kwa nini mwanamke yule anayumba hivyo, kiwiko cha kushoto kikitokeza pembeni, wachambuzi wetu walisema anajishaua. Alikuwa akisawazisha mzigo ambao wanaume wawili wangegombania nani aanze kuubeba. Na sikuweza kumlaumu mhariri, wala chumba cha kuhariri, wala vijana wa mpinzani. Nilikuwa nimeuona. Jicho langu lilikuwa kwenye kioo cha kamera, picha ilikuwa wazi, na nilikuwa nimeupita mzigo ule kama mtu anayepita bango la barabarani. Nilitumwa matumbo. Mungu alimuumba yule mwanamke mzima, akampa shingo ya kubebea, na mimi nikaikata, nikaliita tendo hilo kusitiri.

Jioni hiyo nilikwenda kibandani. Rispa alikuwa amelaza kitambaa mezani akikata sketi kwa chaki na mkasi. Nikamwambia bila utangulizi kwamba aliyepiga ile picha ni mimi. Hakuinua kichwa hadi alipomaliza kukata mstari wote.

“Ulijua Jumapili?”

“Nilijua.”

“Na ukaniambia utauliza.”

“Ndiyo.”

Akaweka mkasi chini. Nikamweleza kilichokuwa kwenye kanda, kuanzia juu. Nilipofika kwenye roli tatu akaikumbuka siku. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Mwenye mkokoteni alikuwa amemwambia asubiri hadi saa nane, na yeye alikuwa na sare za darasa zima za kushona. Akajitwika mwenyewe kutoka Ngara hadi alipokuwa akishonea wakati huo, karibu na mzunguko wa Globe.

Nikaanza kumwomba msamaha. Akainua kiganja.

“Mzee, pole yako nitaipokea siku nyingine, bado nina hasira. Kwa sasa nirudishieni mzigo wangu. Mlionyesha watu mwili wangu miaka yote hiyo, waonyesheni na nilichokuwa nimebeba.”

Kesho yake nilikwenda kwa Denis. Mnamjua Denis, mtayarishaji wetu, na anajua ninaandika haya. Nimemsomea sehemu yake. Nilimwomba kituo kirushe picha nzima. Aliisikiliza habari yote, akasikitika kweli, kisha akasema haiwezekani. Uchaguzi uko karibu, na kumwonyesha mgombea mmoja akifanya kazi kwa bidii ni kumfanyia kampeni. Nikamuuliza kumwonyesha bila kichwa ilikuwa nini. Akasema hapo hakuwa mgombea, wala hakuna aliyejua ni yeye. Sheria ya shingo, jamani. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Akanipa kitu kingine: Jumamosi asubuhi kutakuwa na mdahalo wa wagombea watatu studioni, Rispa aje aseme mwenyewe. Nikapeleka habari zote mbili kibandani. Nilimwambia sikufaulu. Rispa akafikiri, akasema ukweli wa picha ameshaupata hata kama watu hawajauona, kwa hiyo hatatia sahihi. Atakuja. Aliomba kitu kimoja, kiti kisicho na mikono. Nikaandika ombi hilo kwenye karatasi, nikampa mpanga studio mkononi.

Jumamosi kulikuwa na viti vitatu, vyote vyenye mikono ya chuma. Mpanga studio alisema ndivyo vilivyolingana na rangi ya mandhari. Rispa alivitazama, akaniangalia nikiwa nyuma ya kamera ya pili, akaenda kusimama mahali pake. Mtangazaji, kijana mpole siku nyingine zote, akaona amepata mchezo.

“Mama, pole. Tungekuletea kochi, lakini kochi ni ya wageni watatu.”

Wapinzani wakacheka. Rispa akangoja wamalize, kama mtu anayengoja gari lipite.

“Wodi ya akina mama imefungwa kufuli miaka miwili,” akasema. “Wanaojifungulia kwa korido hakuna aliyewauliza kama wamepata kiti. Tuendelee.”

Masikioni mwangu, kwenye hedifoni, sauti ya Denis ikatoka chumba cha udhibiti. “Kamera ya pili, shuka. Nipe mwili wote akiwa amesimama, halafu uende kwa tumbo.”

Nilikuwa na uso wake. Macho yalikuwa wazi, picha imetulia.

“Nina uso,” nikajibu.

“Mzee, nimesema shuka.”

“Nina uso, Denis. Ukitaka kingine, chukua kamera nyingine.”

Kamera ya tatu ilikuwa imezibwa na bega la mgombea mmoja, na ya kwanza ilikuwa kwa mtangazaji. Kwa hiyo Nairobi yote iliyokuwa ikitazama asubuhi ile ilimwona Rispa Nekesa kuanzia mabegani kwenda juu kila aliposema katika zile dakika arobaini na tano, akieleza kufuli ilinunuliwa na nani, ufunguo uko ofisi gani, na nani alikataa kuutoa. Mkono wangu ulitikisika kidogo. Nadhani ndiyo mara ya pekee, na kanda ikitafutwa itaonekana.

Jumatatu nikapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika utumishi wangu, zikiwa zimebaki wiki tatu nistaafu. Niliitia sahihi. Denis alikuwa na haki ya kuiandika. Mpiga picha asiyemsikiliza mtayarishaji hufanya kazi isiwezekane. Mimi pia nilikuwa na haki ya kukataa. Mambo haya mawili hukaa kwenye faili moja bila kugombana.

Rispa alishindwa. Wanawake walimpigia kura kwa wingi, na wengine wengi hawakumpigia. Nilisimama kwenye foleni ya shule ya msingi nikawasikia wanaume wawili waliokuwa mbele yangu, watu wazima, wakisema yule mama ana akili lakini mwakilishi lazima awe mtu wa kupendeza. Mmoja wao tumbo lake lilikuwa limetangulia mkanda. Nilitaka kusema neno, kisha zamu yao ikafika. Aliyechaguliwa ni kijana mwembamba mwenye viatu vizuri. Namwombea. Kufuli nayo naiombea, maana bado ipo.

Nilistaafu mwisho wa mwezi. Siku tisa baadaye nilikuwa nyumbani na blanketi lenu magotini, nikitazama taarifa ya habari ya mchana. Ilikuwa habari ya wawakilishi wa wadi na safari zao za nje ya nchi. Msomaji akasema “kunenepa kwa jasho la mlipa kodi,” na kiuno chenye maua meupe kikapita.

Ni mmoja wenu aliyeitoa. Simtaji, na najua hakukusudia. Aliandika neno moja kwenye seva, likamletea alichotaka, kama lilivyoniletea mimi na walionitangulia. Lakini uchaguzi ulikuwa umekwisha, na sababu ya Denis ilikuwa imekwisha nao. Nikavaa koti la kanisani, nikampitia Rispa kibandani, tukaenda mjini.

Msichana wa mapokezi akasema Denis ana mkutano. Tukasema tutangoja. Mlinzi wa mlangoni, ambaye amenifungulia geti miaka kumi na minne, alitazama viti vya mapokezi, akamtazama Rispa, akaenda nyuma akarudi na benchi la mbao. Hakuna aliyemwambia. Tulikaa hapo hadi saa kumi na moja, tukarudi kesho yake, tukarudi na kesho kutwa. Rispa alikuja na sketi za shule kwenye mfuko, akawa anakunja pindo kwa mkono. Wageni wa kituo walipita, wengine wakamtambua kutoka kwenye mdahalo na kumsalimia. Mimi nilisoma Biblia yangu, na nilipochoka nikamtilia uzi kwenye sindano. Nimesema bado naona vizuri.

Siku ya tatu Denis akashuka mwenyewe. Akavuta kiti, akakaa mbele yetu.

“Mzee, mnataka nini hasa?”

Nikamwachia Rispa.

“Picha nzima,” akasema. “Kuanzia juu. Na mseme ni ya nani.”

“Mama, uchaguzi umeisha.”

“Ndio maana si kampeni.”

Denis akatazama sketi zilizokuwa magotini mwa Rispa, akatazama benchi. Akaniuliza kama kanda bado ipo. Nikamwambia Bi. Mwanaisha anaijua rafu. Akapanda juu bila kusema ndiyo wala hapana, na baada ya saa moja Bi. Mwanaisha akatujia na ujumbe: ni kesho, taarifa ya saa moja jioni. Akaongeza kwamba lile faili la WANENE ameliondoa kwenye seva kwa idhini ya Denis, na kwamba atakayemtaka mtu mnene sasa atalazimika kwenda barabarani amwombe ruhusa, kwa jina lake, uso kwa uso. Hiyo ndiyo sehemu ya barua hii ninayowaomba mwibandike ukutani.

Siku iliyofuata tuliitazama kwenye runinga ndogo ya duka la dawa jirani ya kibanda, Rispa, mume wake, watoto wao wawili, mwenye duka na mimi. Msomaji akasema kituo kimetumia picha ya Bi. Rispa Nekesa, mshonaji, kwa miaka mingi bila kichwa chake na bila ridhaa yake, na kwamba kinaomba radhi. Kisha wakairusha, sekunde ishirini na mbili. Ukuta, magari, roli tatu za kitambaa, kamba ya katani, uso wenye jasho, midomo inayoimba, mkono ulioinuliwa, gauni la harusi, miguu.

Wale wa chumba cha kuhariri walikuwa wamezoea kuipunguza kasi ili itoshe maneno ya msomaji. Safari hii hawakuigusa. Mwanamke wa Ngara akaingia upande mmoja wa skrini na kutokea upande wa pili akiwa karibu kukimbia, watu wakimpisha.

Mume wake alivua kofia. Rispa alibaki ameikodolea runinga macho hata habari nyingine ilipoanza.

“Kumbe nilikuwa naenda mbio hivyo,” akasema.

Kisha akarudi kibandani kuwasha taa, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na sketi zilikuwa bado hazina vifungo.